Kompyuta Kuukuu Ina Vyumba Vyake



Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft iliposimamisha huduma za kawaida kwa Windows 10, kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima zimeanza kuitwa kuukuu. Watu wananiuliza kama zinaweza kufufuliwa kwa Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi huko Helsinki, Finland. Jibu langu ni ndiyo, lakini kaa kwanza na kalamu na karatasi.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Kompyuta yangu ilikuwa na diski ya gigabaiti 40, nami kwa haraka zangu nikaweka kila kitu katika sehemu moja. Mfumo ulipoharibika nikauweka upya, na kwa kuuweka upya nikafuta sehemu ile nzima. Zikaenda sauti za mahojiano yangu na wazee, na wawili kati yao tulikwisha kuwazika.

Leo diski ile ningeigawa vyumba vitatu. Gigabaiti 20 ni za mfumo na programu zake. Gigabaiti 2 ni za swapu, yaani mahali ambapo mashine hupumzishia kazi zinazozidi kumbukumbu yake. Kompyuta yenye gigabaiti 1 tu ya kumbukumbu, bila swapu hukwama upesi. Zinazobaki ni za mafaili yako, na chumba hicho Linux hukiita /home. Siku mfumo ukiharibika, utafuta chumba cha mfumo peke yake. Cha kwako usikiguse.

Lakini vyumba visizidi mahitaji. Diski iliyogawanywa kwa utaratibu wa zamani hukubali sehemu kuu nne tu. Tena, chumba kimoja kikijaa huku cha jirani ni kitupu, ukuta ule hausogezwi kwa urahisi. Ndiyo maana nasema kalamu kwanza.

La mwisho, ndugu zangu, ukuta ndani ya diski si nakala. Diski ikifa, hufa na vyumba vyake vyote. Kabla hujagusa chochote, nakili mafaili yako kwenye diski nyingine, uyafungue huko, uhakikishe yanasomeka. Kazi hiyo ni ya jioni moja. Mimi, wazee wale wawili siwezi kuwarudia na maswali yangu.

Hadi juma lijalo, kwaherini.