Siku Tuliyokwama Njia ya Isecheno

Maneno ya familia moja ya wanakwaya katika ibada ya shukrani, Jubilei ya Miaka 25

 

Tumeombwa tuseme machache kwa niaba ya familia za wanakwaya. Wenzetu watawaeleza jinsi kwaya ilivyoanza na jinsi majoho ya kwanza yalivyopatikana. Sisi tumechagua kuwasimulia habari ya usiku mmoja tu.

Likizo ya Agosti mwaka jana tuliwaahidi watoto kwamba tutalala kwenye hema msituni. Msitu wa Kakamega ni kipande kilichobaki hapa Kenya cha msitu wa mvua wa aina ya ile ya Kongo. Watu huvuka bahari kuja kuona mbega, vipepeo na ndege wake, na sisi tunaoishi jirani nao hatukuwahi kulala humo hata siku moja. Basi tukaazima hema, tukapakia blanketi, sufuria na unga, tukamwachia jirani ufunguo wa nyumba ili atulishie kuku, kisha tukashika njia ya Shinyalu kuelekea Isecheno.

Kabla ya kuwasha gari tuliomba. Tuliomba safari njema na ulinzi. Tulichosahau ni inhela ya kitindamimba wetu, ambaye ana pumu. Ilibaki juu ya meza ya jikoni.

Mvua ilitukuta tukiwa tumeshapita soko la Shinyalu. Mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafuka chini ya boneti, gari likazima. Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Giza likaingia tukiwa tumefungiana ndani, vioo vimejaa ukungu, na kifua cha mtoto kikaanza kulia kama filimbi. Tukaomba tena. Safari hii sala ilikuwa fupi sana: Bwana, tusaidie.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mzee mwenye mwavuli. Hakutuuliza jina wala kanisa. Alisema tu, "Mtoto hawezi kukaa hapa," akatuongoza hadi kwake. Jikoni moto ulikuwa unawaka, lakini alipoona mtoto anavyohangaika kupumua, alimwondoa kwenye moshi, akamketisha wima sebuleni na kumfunika shuka kavu. Watoto wetu walianza kumwita kukhu kabla hata chai haijamiminwa.

Vijana wawili wa bodaboda wakasimama barabarani kutazama gari. Mmoja akasema atangoja pale pale na pikipiki yake. Hali ya mtoto ikizidi, atamkimbiza hospitali, mvua au si mvua. Lakini kilichohitajika zaidi kilikuwa juu ya meza yetu, na ufunguo alikuwa nao jirani.

Hapa ndipo tunaposema jambo ambalo hatujawahi kulisema mbele ya watu. Jirani huyo ni mwenzetu, anaimba besi. Miezi miwili kabla ya siku hiyo alifiwa na mama yake. Alikuja kwetu jioni kuomba gari, abebe sufuria na viti vya matanga. Tulimwambia gari ni bovu. Halikuwa bovu. Tuliogopa matope, tukaogopa na gharama ya mafuta. Alishukuru akaenda zake, na tangu hapo aliendelea kutulishia kuku kila tuliposafiri.

Sasa gari tulilosema ni bovu lilikuwa bovu kweli, na namba pekee ya kupiga ilikuwa yake. Tuliitazama simu kwa muda, kisha tukapiga. Alisikiliza akauliza swali moja tu: "Mko upande gani wa Shinyalu?"

Alifika kwa pikipiki, maji yakimchuruzika, inhela ameifunga kwenye mfuko wa plastiki ndani ya shati. Mtoto alivuta dawa, na taratibu kifua kikatulia. Tulipojaribu kumwomba msamaha pale mlangoni, alitukatiza: "Tumwangalie mtoto kwanza."

Wale vijana nao, injini ilipopoa, waliufunga mpira uliopasuka kwa blada zao za kufungia mizigo, wakajaza maji kutoka mtungi wa kukhu. Walikataa pesa, wakakubali chai na mahindi ya kuchemsha. Msituni hatukufika. Hema tulilitandika sakafuni kwa kukhu, tukalala juu yake, na asubuhi tukarudi nyumbani polepole.

Siku iliyofuata tulikwenda kwa jirani yetu tukamwambia ukweli wote. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema alijua tangu zamani, kwa sababu kesho yake baada ya kumnyima alituona sokoni na gari lile lile. Alijua, na bado alikuja usiku ule.

Ndugu zetu, tunapoimba noti ndefu, mwalimu hutukataza kuvuta pumzi wote kwa wakati mmoja. Mmoja akipumua, wenzake wanaishika sauti, naye akirudi, mwingine anapumzika. Mnaoketi kwenye viti mnasikia sauti moja isiyokatika. Kwa miaka mingi tulifanya hivyo kwa sauti tu. Usiku ule tuliishiwa pumzi kabisa, na mtu ambaye hatukumshikia zamu yake alitushikia yetu.

Tuliomba gari lisiharibike, likaharibika. Lakini hatuwezi kusema hatukujibiwa. Jibu lilikuja na mwavuli, na blada, na shati lililolowa.

Kwa hiyo katika jubilei hii tuna ombi moja. Mwenyekiti amekubali daftari liwekwe kwenye chumba cha mazoezi. Kila mwenye gari, pikipiki, turubai, sufuria au nafasi ya kulaza mgeni aandike jina na namba yake, ili mwenzetu akipatwa na shida usiku asianze kujiuliza ampigie nani. Gari letu limeandikwa mstari wa kwanza. Rejeta ina mpira mpya.

Mungu aibariki kwaya yetu, na awabariki wote waliotubeba kwa miaka 25.