Kuzitembelea Jamaa zenye Watoto Wachanga
(Maneno ya muuguzi mbele ya wajumbe wa jumuiya zote za parokia)



Nimeombwa kusema neno juu ya watoto wachanga wa parokia yetu. Siku ya kupima watoto, akina mama wengi hujipanga mbele ya mizani, nasi twashukuru. Lakini mtoto aliye katika hatari kuu mara nyingi hayumo katika mstari ule. Yuko nyumbani: mama yake hana nguvu ya kutembea, au hana nguo ya kumfunika mtoto, au anaona haya kwa sababu mtoto amekonda. Basi asiyeweza kuja kwetu, sisi hatuna budi kwenda kwake.

Jambo hili limekwisha kupimwa. Huko Gadchiroli, katika mashamba ya India, daktari Abhay Bang na mke wake Rani waliwafundisha wanawake wa vijiji kuwatunza watoto wachanga nyumbani kwao. Mwaka 1999 walitangaza kwamba vifo vya watoto wasiotimiza mwezi mmoja vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2009, OMS na UNICEF walishauri kwamba mtoto aliyezaliwa nyumbani atembelewe katika saa 24 za kwanza, kisha siku ya 3, na ikiwezekana siku ya 7. Maana juma la kwanza ndilo lenye hatari kupita yote.

Mwenye kutembelea afanye nini? Abishe hodi kwa heshima, aketi anapoonyeshwa, asikilize kabla ya kusema. Kisha atazame: je, mtoto ananyonya? Mwili wake ni moto mno au ni baridi? Anapumua mbio? Ameshikwa na degedege? Kitovu chatoa usaha? Akiona hata ishara moja, asitoe dawa ya kubahatisha. Aandamane na mama mpaka kituo cha afya saa ile ile. Asipoiona, amtie mama moyo ampe mtoto maziwa yake peke yake mpaka miezi 6, bila maji wala uji. Baadaye amfundishe kutia soya, maharagwe au sambaza katika chakula cha mtoto, ili bwaki isiingie nyumbani.

Baba naye asiachwe nje. Aulizwe: nani anachota maji siku hizi? Mzazi amepata kupumzika?

Tena, habari za nyumba ile zisifike kisimani. Anayetangaza umaskini wa watu hatafunguliwa mlango mara ya pili.

Vijijini tunao reko wa afya, lakini reko mmoja ana nyumba nyingi. Hatutaki kujenga kazi nyingine kando ya yao. Twataka kuwaongezea miguu na mikono.

Bikira Maria alipopata habari za Elisabeti, hakungoja aitwe. Alipanda milimani, akakaa naye karibu miezi 3. Kwa hiyo nawaomba: kabla ya kufunga mwaka huu wa Jubilei, kila jumuiya ichague watu wawili, nasi tutawafundisha. Kanisa letu limepakwa rangi mpya, nalo ni jambo jema. Lakini mtoto aliyeokoka atakuja kusali humo rangi hiyo itakapokuwa imechakaa.