MBWA WA NYUMBANI KWAKO

Somo letu la leo ni juu ya mbwa. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: chanjo, mate, minyoo. Tutayakuta mara nyingi. Kila mwenye daftari na ayaandike.

Nimechagua mbwa kwa sababu hii. Ukimwuliza mtu wa Kilimanjaro habari za mifugo yake, atahesabu ng'ombe aliye zizini, mbuzi, nguruwe na kuku. Mbwa hamhesabu. Umwulize tena, "Mzee wangu, na mbwa je?" Atakujibu, "Ah, yupo mmoja, huja hapa akaenda zake." Lakini huyo ajaye akaenda zake ndiye anayebweka mwizi akiingia kihambani usiku. Ndiye anayewafukuza nyani katika mahindi kule chini tambarare. Tena anakula makombo ya nyumba hiyo hiyo. Basi ni wa nani? Wataalamu waliochunguza mbwa wa vijijini katika Tanzania wameona kwamba wengi wao wana wenyewe. Si mbwa wa porini, wala si mbwa wasio na kwao. Ni mbwa wa watu, ila hawafungwi. Liweke neno hili akilini, maana tutalirudia.

Kwanza tuseme kidogo juu ya aina za mbwa. Mjini Moshi utaona katika nyua za wenye mali mbwa wakubwa wa Kijerumani, wenye manyoya mengi na masikio ya kusimama. Pengine utaona yule wa Afrika ya Kusini aitwaye Ridgeback, ambaye manyoya yake ya katikati ya mgongo yamelala kuelekea mbele badala ya nyuma. Yeye alitokana na mbwa wa Wakhoikhoi waliochanganyika na mbwa wa Wazungu, na sifa zake ziliandikwa rasmi Bulawayo mwaka 1922. Kongo wana mbwa wao mdogo, Basenji, ambaye hubweka kwa nadra sana. Mlinzi wa namna hiyo sijui kama angepata kazi Marangu! Wote hawa ni mbwa wazuri, lakini mimi nikiulizwa, nitamsifu mbwa wetu wa kienyeji. Manyoya yake ni mafupi, chakula chake ni kidogo, na amezoea jua la Kahe na baridi ya Kibosho. Usimwite mbwa koko kwa dharau. Akilishwa na kutunzwa, kazi ya ulinzi anaiweza kama huyo wa bei kubwa.

Msimchanganye huyu na mbwa mwitu. Mbwa mwitu ni mnyama mwingine kabisa, mwenye madoa na masikio ya mviringo, wala hazaani na mbwa wa nyumbani. Mwaka 1962 Mwingereza aitwaye Wilfred Thesiger alipanda Kibo pamoja na wenzake, wakaona mbwa mwitu watano huko juu kwenye barafu. Walifuata nini mahali pasipo na chakula? Hilo wajue wenyewe. Ila magonjwa ya mbwa wetu huwafikia wanyama wa porini. Mwaka 1990 kichaa cha mbwa kilionekana kati ya mbwa mwitu wa Serengeti, na mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa uliua simba wa huko kiasi cha theluthi moja.

Sasa tuje kwenye tabia. Wako watu wanaompa mbwa pilipili, au kumfungia gizani tangu asubuhi hadi usiku, wakitaka awe mkali. Mbwa wa namna hiyo hawi mlinzi. Huwa mwoga, na mbwa mwoga humwuma yeyote: mtoto wa jirani, mama aliyeleta maziwa, hata mwenyewe. Mlinzi mzuri ni yule aliyezoea watu tangu mdogo, anayejua nani wa nyumbani na nani mgeni. Mfundishe kuja ukimwita jina lake. Mfundishe kufungwa kamba bila kupigana nayo, maana siku ya chanjo utaihitaji kamba hiyo.

Watoto nao wafundishwe. Mtoto asimsumbue mbwa anayekula, anayelala, au mwenye watoto. Akikutana na mbwa asiyemjua, asikimbie, maana mbwa hufukuza kinachokimbia. Asimame wima kama mti, mikono pembeni, asimtazame machoni, mpaka mbwa aende zake.

Haya, tazameni ubaoni. Neno minyoo. Mtoto wa mbwa huweza kuzaliwa na minyoo tayari, ameipata tumboni mwa mama yake. Ndiyo sababu utamwona amekonda huku tumbo limevimba kama ngoma. Apewe dawa akiwa na umri wa majuma mawili, tena kila baada ya majuma mawili mpaka aache kunyonya. Akiisha kukua, mara moja kila miezi mitatu yatosha. Kipimo cha dawa hufuata uzito, kwa hiyo umwulize bwana mifugo, usikisie. Mayai ya minyoo hutoka na mavi ya mbwa, yakakaa katika udongo. Mtoto wako huchezea udongo ule ule, kisha hushika ndizi akala. Minyoo hiyo ikiingia mwilini mwake huweza kufika kwenye ini, hata kwenye jicho.

Lakini mnyoo ninaouogopa zaidi ni tegu mmoja mdogo sana, mfupi kuliko punje ya mchele. Mbwa humpata kwa kula maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya maji. Mtu akimeza mayai ya tegu huyo, lengelenge kama lile huota ndani ya ini lake au pafu lake. Hukua polepole kwa miaka, na mara nyingi halina budi kuondolewa kwa kupasuliwa. Waturkana wa Kenya wameteseka sana kwa ugonjwa huu, na wafugaji wa kaskazini ya Tanzania wanao pia. Sasa fikirini mwezi wa Desemba. Wachagga wote wamerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Nairobi, na kila kihamba kinachinja. Mchinjaji anakuta ini lina malengelenge. Anasema, "Hili halifai kuliwa na watu," akamrushia mbwa. Hapo ndipo kosa lilipo! Ini hilo lizikwe chini sana, mahali mbwa hawezi kufukua, au litupwe chooni. Na matumbo ya kumlisha mbwa yachemshwe nusu saa au zaidi.

Juu ya kupe na viroboto nitasema machache. Kupe wa mbwa hakai mwilini mwake tu. Akishiba hushuka, hujificha katika nyufa za banda, akataga mayai maelfu. Kwa hiyo ukimsafisha mbwa bila kusafisha banda umefanya nusu ya kazi. Fagia, ziba nyufa, choma majani aliyolalia. Funza nao humwingia mbwa miguuni, kisha huwarudia watu wa nyumba. Wadudu hawa hawakuwa wa Afrika zamani. Waliletwa na meli kutoka Brazili mpaka Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha walikuwa wamefika pwani yetu ya mashariki. Tafadhali, usimpake mbwa mafuta ya taa wala oili chafu ya gari. Wala usimmwagie dawa ya josho ya ng'ombe kwa kukisia. Mbwa hujilamba, na sumu ile humwingia tumboni.

Sasa nawaomba msikilize kwa makini zaidi. Neno mate. Kichaa cha mbwa kimo ndani ya mate. Mbwa mgonjwa akimwuma mtu, au akimkwaruza, au akilamba penye kidonda, ugonjwa huingia. Huenda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu; pengine siku chache tu, pengine zaidi ya mwaka. Katika muda huo mtu yu mzima, anakula, analima, anacheka. Lakini ugonjwa ukiisha kujionyesha, mtu akashindwa kumeza, akaogopa maji, karibu hakuna anayepona. Hospitali kubwa haina dawa ya kumrudisha, na mganga wa mitishamba hana. Duniani hufa watu kiasi cha 59,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao Afrika na Asia. Na katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa anayedhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wasiotimia miaka 15.

Kwa nini watoto? Kwa sababu wao ndio wanaocheza na mbwa, na kwa sababu mtoto hasemi. Amekatazwa kumchokoza mbwa wa jirani, amemchokoza, ameumwa kidogo kidoleni. Anaogopa kuchapwa. Anaficha mkono. Kidonda kinapona, watu wanasahau, na baada ya miezi miwili mama anashangaa mtoto anakataa uji. Wazazi, nawasihi: mwambieni mtoto leo, kabla hajaumwa, kwamba akiumwa na mbwa hatapigwa. Hata kama yeye ndiye aliyemchokoza.

Na akisema, fanya hivi. Papo hapo osha kidonda kwa maji mengi na sabuni. Sabuni ya mche yafaa. Osha kwa dakika 15, mtu mmoja akimimina maji kwa jagi na mwingine akiosha. Dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani; tazama saa. Usipake majivu, wala grisi, wala pilipili, wala usiweke jiwe la nyoka. Kisha nenda hospitali siku ile ile. Zahanati ndogo huenda haina chanjo hii. Basi usirudi nyumbani, uliza wapi inapatikana, uende mpaka Mawenzi au KCMC ikibidi. Sindano si moja. Utapewa tarehe za kurudi, nawe urudi kila tarehe uliyoandikiwa, ingawa kidonda kimepona.

Chanjo hii si jambo geni. Julai 1885 Louis Pasteur wa Ufaransa alimchanja mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule akaishi mpaka akawa mtu mzima.

Mbwa mwenye kichaa utamjuaje? Wengi wanamngoja yule anayekimbia ovyo akiuma watu, mbuzi na hata mawe. Yupo mwingine aliye kimya. Amejificha chini ya migomba, taya limelegea, mate yanamtoka, hawezi kumeza. Mwenyewe anasema, "Maskini, amekwamwa na mfupa," akatia mkono kinywani kuutafuta. Usitie mkono! Na ng'ombe wa zizini akilia kwa sauti ya ajabu huku mate yakimtoka, usimtie mkono vile vile. Mwite bwana mifugo. Ikiwa mbwa aliyeuma mtu ana mwenyewe na yu mzima, mfungeni mahali salama siku 10, mkimtazama. Lakini mtu aliyeumwa asingoje siku hizo. Yeye aende hospitali kwanza.

Sasa turudi kwenye neno nililowaambia mliweke akilini, kwamba mbwa wetu wana wenyewe. Ikiwa mbwa 7 katika kila 10 wa kijiji wamechanjwa, ugonjwa huzimika. Kwa nini 7, wasiwe 10? Kwa sababu mbwa mmoja mgonjwa huambukiza wenzake wachache tu, kiasi cha mmoja au wawili, na akikuta karibu wote wamechanjwa, moto unakosa kuni. Na kwa nini zisitoshe 4 au 5? Kwa sababu mbwa wa vijijini hawaishi miaka mingi. Waliochanjwa wanakufa, watoto wanazaliwa bila chanjo, na kabla mwaka haujaisha hesabu imeshuka. Ndiyo maana chanjo hurudiwa kila mwaka, na ndiyo maana watoto wa mbwa nao waletwe. Mtu asiwaache nyumbani akisema ni wadogo mno.

Bwana mifugo hawezi kupita kila kihamba akikamata mbwa. Mbwa hamjui, atakimbilia kwenye kahawa. Anayeweza kumleta ni yule anayempa chakula, na mara nyingi huyo ni mtoto wa nyumba. Siku ya chanjo ikitangazwa, ikiwa kanisani, msikitini au sokoni, mtoto asiende peke yake na mbwa watatu wanaogombana. Mtu mzima amsindikize, kila mbwa na kamba yake.

Mwishoni mwa chanjo utapewa cheti. Hapa ndipo kusoma na kuandika kunapokufaa. Cheti kikipotea, au kikilowa mvua ya masika, daftari yako itakuwa shahidi. Basi mwalimu, andika ubaoni kwa herufi kubwa, na kila mwanafunzi ajaze kwa ajili ya mbwa wa nyumbani kwake, yule anayekuja akaenda zake:

JINA LA MBWA.
RANGI YAKE.
MWENYEWE.
TAREHE YA CHANJO YA KICHAA.
TAREHE YA DAWA YA MINYOO.

Asiyekuwa na mbwa aandike habari za mbwa wa jirani, baada ya kumwomba ruhusa. Mbwa ambaye hana jina, mpeni jina usiku huu. Na mstari wa mwenyewe usiachwe wazi.