Nyufa za Majirani Ndizo Njia za Fedha za Magaidi

Kisiwa cha Rongui ni kimojawapo cha visiwa vidogo vilivyo mkabala na pwani ya Palma, katika Jimbo la Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Kutoka huko hadi mdomo wa Mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania si safari ndefu kwa mtu mwenye jahazi. Kwa karne nyingi wananchi wa mwambao huo wamevua, wamefanya biashara na kuoana, bila ya kuujali sana mpaka uliochorwa na wakoloni. Lugha zao, Kimwani na Kimakwe, ni ndugu wa Kiswahili. Lakini tangu tarehe 5 Oktoba, 2017, magaidi walipovamia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, bahari iliyowalisha watu hao imegeuka kuwa bahari ya mashaka.

Vita hivyo vimeua maelfu ya watu na kuwafanya wengine wapatao milioni moja wayahame makazi yao. Mwezi Oktoba 2020 magaidi walivuka Ruvuma na kukishambulia kijiji cha Kitaya, mkoani Mtwara. Mwezi Machi 2021 waliuteka mji wa Palma, na wananchi wakakimbilia porini na baharini. Basi hapana budi kuuliza: ni nani anayewalisha watu hao? Gaidi hula, huvaa, husafiri na hununua risasi. Vita havipiganwi kwa hasira peke yake. Hupiganwa kwa fedha.

Baadhi ya fedha hizo hupatikana papo hapo, kwa kupora maduka, kuteka watu na kudai vikombozi. Nyingine hutoka mbali. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeitaja ofisi iitwayo Al-Karrar, huko Somalia, kuwa kituo cha kugawia fedha matawi ya kundi linalojiita Dola la Kiislamu, yakiwemo yale ya Kongo na Msumbiji. Mwezi Machi 2022 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu wanne waliokuwa Afrika Kusini, ikiwatuhumu kulisaidia kundi hilo. Fedha za namna hiyo haziji kwa magunia. Mara nyingi huja kidogo kidogo, kwa simu ya mkononi, kwa wakala wa hawala, au mfukoni mwa msafiri, zikifanana kabisa na fedha ambazo kijana aliye mjini humtumia mama yake kijijini.

Hapo ndipo penye ugumu wa jambo lenyewe. Nchi moja, hata ikiwa na polisi hodari namna gani, huona kipande kimoja tu cha njia. Anayetuma yuko nchi moja, anayepitisha yuko nchi ya pili, na anayepokea yuko nchi ya tatu. Afrika Kusini, Tanzania na Msumbiji zimo katika umoja wa nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika wa kupambana na utakasishaji wa fedha haramu, ulioundwa mwaka 1999 na wenye makao yake Dar es Salaam. Lakini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo katika umoja wa Afrika ya Kati, na Somalia imo katika ule wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Njia ya fedha ni moja, lakini walinzi wake wamegawanyika katika mabaraza matatu.

Mgawanyiko huo wa mabaraza ungeweza kuzibwa kama majirani wangeaminiana. Kwa bahati mbaya, sivyo ilivyo. Mwezi Julai 2021 majeshi mawili ya nje yaliingia Cabo Delgado kumsaidia jirani mmoja: jeshi la Rwanda, na jeshi la Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, ambamo Afrika Kusini ilikuwa na sehemu kubwa. Kila moja lilikuwa na amri yake na eneo lake. Kati ya Kigali na Pretoria kulikuwa na uhasama wa zamani, uliofikia hatua ya kufukuziana wanadiplomasia mwaka 2014. Jeshi la Jumuiya liliondoka mwaka 2024. Mwezi Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma na askari 14 wa Afrika Kusini kupoteza maisha katika mapigano ya huko, viongozi wa nchi hizo mbili walirushiana maneno makali hadharani. Habari za fedha ni siri ya dola. Nani humpa siri yake mtu asiyemwamini?

Msumbiji inayajua vizuri madhara ya jirani asiyetimiza ahadi. Tarehe 16 Machi, 1984, serikali ya Rais Samora Machel na utawala wa makaburu wa Afrika Kusini zilitia saini Mapatano ya Nkomati, ambapo kila upande uliahidi kutowasaidia wapinzani wa mwenzake. Mwaka uliofuata, majeshi ya Msumbiji na Zimbabwe yalipoiteka kambi kuu ya Renamo huko Gorongosa, zilikutwa nyaraka zilizoonyesha kwamba misaada ya makaburu ilikuwa ikiendelea kwa siri. Vita vikaendelea hadi mwaka 1992. Fundisho ni kwamba saini haikaushi kisima cha vita. Kinachokikausha ni utekelezaji.

Ni kweli kwamba hatua zimepigwa. Tanzania iliondolewa katika orodha ya kijivu ya nchi zinazochunguzwa kuhusu fedha haramu mwezi Juni 2025, na Msumbiji pamoja na Afrika Kusini zikaondolewa mwezi Oktoba mwaka huo huo. Hayo ni mafanikio ya kupongezwa. Hata hivyo, orodha hiyo hupima sheria na utendaji wa kila nchi peke yake. Kuondolewa humo peke yake hakuhakikishi kwamba ofisa wa Maputo anapopiga simu Dar es Salaam au Pretoria hupata jibu siku hiyo hiyo, na si baada ya miezi sita, fedha zikiwa zimekwisha kuwa risasi.

Tena, jibu linapochelewa, mzigo humwangukia mnyonge. Serikali isiyoijua njia ya kweli ya fedha humshuku kila mwenye mashua na kila anayepokea fedha kidogo kwa simu. Mvuvi wa mwambao wa Palma, aliyekwisha kuonewa na magaidi, hujikuta akishukiwa na askari pia. Mwananchi anayeshukiwa bila sababu hatoi habari. Na bila habari za mwananchi, hakuna vita dhidi ya ugaidi vinavyoweza kushindwa na serikali yoyote ikajivunia ushindi huo.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Nchi jirani zinaweza kuendelea kutofautiana juu ya Kongo, juu ya biashara na juu ya uongozi wa bara hili. Lakini zinaweza pia kukubaliana kwamba jambo moja litawekwa nje ya ugomvi huo, yaani kupeana habari za fedha za magaidi, kwa haraka na kwa uaminifu. Azimio namba 1373 la Baraza la Usalama, la Septemba 2001, limekwisha kuzitaka nchi zote zifanye hivyo. Magaidi hawangojei majirani wapatane. Wao hupita katika nyufa, na kuziziba nyufa hizo ni wajibu wa wenye nyumba.