Rafu Tupu: Funzo la Maduka ya Risasi ya Marekani

Haya ni maneno ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wafanyabiashara wa rejareja, wasimamizi wa wadi na wakazi, katika kikao cha kujadili uvumi na upungufu wa bidhaa.



Nimeombwa nizungumze kuhusu ile tabia yetu ya kukimbilia madukani mara tu tunaposikia kwamba kitu fulani kinakwisha. Ningeweza kuanza na sukari, unga au petroli. Lakini tukianza hapo kila mmoja atakuwa na upande wake: mwenye duka atamlaumu mteja, mteja atamlaumu mwenye duka, na nyote wawili mtaigeukia serikali. Kwa hivyo nimechagua mfano wa mbali, wa bidhaa ambayo wengi wetu hapa hatutainunua maishani. Nataka tuangalie upungufu wa risasi katika maduka ya bunduki huko Marekani. Tukishamaliza kuwatazama wenzetu, tutarudi nyumbani.

Kwanza niondoe shaka. Hapa Kenya huwezi kuingia dukani ukanunua risasi kama unavyonunua betri. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mtu awe na cheti, na anayeshughulikia vyeti hivyo ni Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha. Kukutwa na hata risasi moja bila kibali ni kosa. Marekani mambo ni tofauti. Katika majimbo mengi, mtu mzima hununua maboksi ya risasi dukani pamoja na vifaa vya kuvulia samaki na viatu vya kuwindia. Ni bidhaa ya kawaida, na ndiyo maana hadithi yake inatufaa.

Mwaka 2020 ulipoanza, risasi moja ya bastola ya milimita 9, ile inayotumika zaidi, iliuzwa kwa takriban senti 20 za dola. Mwezi Machi hofu ya korona ikatanda. Mwezi Mei, George Floyd akauawa mikononi mwa polisi mjini Minneapolis na maandamano yakaenea nchi nzima. Mwezi Novemba kukawa na uchaguzi, na wengi wakahofia kwamba serikali mpya ingeleta sheria kali za bunduki. Hofu tatu katika mwaka mmoja. Idara ya upelelezi, FBI, ambayo humkagua mnunuzi kabla hajauziwa bunduki na maduka yenye leseni, ilifanya ukaguzi takriban milioni 28 mwaka 2019. Mwaka 2020 ulipita milioni 39. Si kila ukaguzi ni bunduki moja iliyouzwa, lakini mnaona jinsi mambo yalivyopanda.

Chama cha wafanyabiashara wa silaha huko, NSSF, kilikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 8 walinunua bunduki kwa mara ya kwanza mwaka huo. Sasa tupige hesabu ya kibandani. Kila mgeni huyo akichukua maboksi mawili tu ya risasi 50, hizo ni risasi milioni 800. Na mtu anayechukua maboksi mawili hatuwezi kumwita mlanguzi. Ni mtu wa kawaida kabisa, anataka ajifunze kulenga na abaki na akiba kidogo nyumbani.

Rafu zikabaki tupu. Maduka yakaanza kuuza boksi moja au mawili kwa kila mteja. Watu wakapanga foleni kabla ya milango kufunguliwa. Bei ya ile risasi ya senti 20 ikapita senti 60, na kuna waliouziwa kwa dola nzima.

Mtu atauliza: viwanda vilikuwa wapi? Vilikuwa vinafanya kazi usiku na mchana. Lakini risasi haiokwi kama mandazi. Ina sehemu nne: ganda la shaba, kichwa cha risasi chenyewe, baruti, na fataki, kile kidude kidogo kitakoni kinachowasha baruti. Fataki ni kazi ya hatari, na viwanda vinavyoitengeneza Marekani ni vichache sana. Ikikosekana fataki, magunia ya baruti na marundo ya maganda hayana kazi. Kuongeza mitambo nako kunachukua muda mrefu na pesa nyingi, na mwenye kiwanda anajiuliza: hofu hii ikipoa mwaka ujao, nitamuuzia nani?

Walikuwa na sababu ya kujiuliza hivyo. Miaka michache nyuma soko lilikuwa limelala. Kampuni kongwe ya Remington ilifilisika mwaka 2018, ikainuka, kisha ikafilisika tena mwezi Julai 2020, katikati ya mwaka ambao watu walikuwa wakigombania bidhaa ya aina yake. Kiwanda chake cha risasi kilichoko Lonoke, jimbo la Arkansas, kilinunuliwa na kampuni ya Vista Outdoor mwezi Oktoba kwa takriban dola milioni 81.

Mwezi Desemba mkuu wa kiwanda cha Federal, ambacho nacho kilikuwa cha Vista, alilazimika kujitokeza kwenye video kuwajibu watu. Kulikuwa na uvumi kwamba wenye viwanda wanaficha risasi kwenye maghala, au wameacha kabisa kuzitengeneza. Akasema mitambo inaendelea na kazi, na kwamba wana oda za zaidi ya dola bilioni moja ambazo bado hawajazitimiza.

Huo haukuwa uvumi wa kwanza. Mwezi Desemba 2012, baada ya watoto na walimu kuuawa katika shule ya Sandy Hook, Rais Obama alipendekeza sheria mpya, na watu wakakimbilia maduka. Risasi ndogo, ile ya .22 ambayo watoto wa huko hufundishiwa kulenga, ikatoweka kwa muda mrefu. Ndipo likazuka neno kwamba Wizara ya Usalama wa Ndani inanunua risasi bilioni 1.6 ili wananchi wakose. Takwimu hiyo haikutoka hewani. Wizara ilikuwa imetangaza mikataba ya miaka kadhaa yenye kikomo cha juu, na watu wakasoma kikomo kana kwamba ni manunuzi. Wabunge wakaitisha kikao. Mkaguzi wa serikali, GAO, akapekua vitabu na kutoa ripoti mwezi Januari 2014: manunuzi ya wizara hiyo yalikuwa yamepungua, na kwa mwaka 2013 yalikuwa takriban risasi milioni 84. Ukweli ulifika, lakini ulifika wakati rafu zilikuwa zimeshakaa tupu mwaka mzima. Na ile sheria kubwa iliyohofiwa ilikwama kwenye Seneti mwezi Aprili 2013.

Wazee wetu husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tumezoea kuitumia methali hii kuutetea uvumi. Mimi nawaomba leo tuisikilize upande wa pili. Kuna mambo ambayo hayapo, na yanakuja kwa sababu tu yamesemwa. Duka lina maboksi mia. Wateja mia, kila mmoja akichukua boksi lake, wote wanarudi nyumbani wameridhika. Akitokea mtu akasema kesho hakuna, kila mmoja anataka matatu. Wanahudumiwa 33, boksi moja linabaki, na wengine wote wanarudi mikono mitupu. Wale waliokosa ndio watakaokwenda kusimulia kwamba ni kweli, bidhaa imekwisha.

Nani aliumia huko Marekani? Aliyekuwa na pesa na nafasi ya kukesha kwenye foleni alipata. Aliyeumia ni mwindaji wa kijijini anayetumia boksi moja kwa msimu. Aliumia mgeni aliyenunua bunduki na hakupata risasi za kujifunzia, na mtu mwenye bunduki asiyejua kuitumia ni hatari kwake na kwa jirani yake. Hata baadhi ya idara za polisi zililazimika kupunguza mazoezi.

Sasa turudi nyumbani.

Tarehe 13 Machi 2020, Wizara ya Afya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, mnakumbuka jioni ile. Troli zilijaa unga, sabuni na karatasi za choo. Bei ya dawa ya kutakasa mikono ikapaa hadi Mamlaka ya Ushindani ikaamuru duka moja la jumla kuwarudishia wateja pesa zao. Mama anayenunua unga wa siku moja kwa pesa za siku moja hakuwa na troli. Alikuta rafu.

Kisha ikaja Aprili 2022 na petroli. Hapa nina jambo langu la kukiri.

Wakati huo sikuwa bado nimeajiriwa na kaunti. Nilikuwa mtangazaji katika redio moja katika mji mwingine. Kulikuwa na tatizo la kweli: serikali ilikuwa imechelewa kuwalipa wauzaji wa mafuta pesa za ruzuku, na baadhi ya vituo vilikuwa vimekauka. Lakini mjini kwetu mafuta yalikuwepo. Asubuhi moja msikilizaji akatuma ujumbe mfupi: kesho hakuna hata tone. Niliusoma hewani. Sikumpigia mwenye kituo hata kimoja kuuliza. Nilisema tu, "Tumepokea ujumbe huu," kana kwamba maneno hayo yananiondolea lawama. Kufikia saa kumi jioni foleni ilikuwa imefika barabara kuu. Watu walibeba jerikeni, madumu ya mafuta ya kupikia, hata chupa za soda.

Kesho yake mama yangu alikuwa na siku ya kliniki. Kijana wa boda boda anayempeleka kila mara alifika mlangoni kwa miguu, kofia mkononi. Alizunguka vituo vitatu, akakosa. Tukapata gari moja lililokubali, kwa nauli mara tatu. Njiani mama akaniuliza, "Kwani ni nani alisema mafuta yamekwisha?" Nilitazama dirishani. Sikumjibu siku ile, na mwaka mmoja ukapita kabla sijamwambia.

Mtu ataniuliza: afisa, aliyewahi kituoni si ndiye aliyepata? Ni kweli, alipata. Na tarehe 14 mwezi huo bei jijini Nairobi ilipanda kutoka shilingi 134.72 hadi 144.62 kwa lita, kwa hivyo aliyejaza tangi mapema hata aliokoa pesa. Hapo ndipo penye ugumu. Anayekimbia si mjinga. Anaona wenzake wanakimbia, naye anajua kwamba akibaki nyuma atakosa. Kwa hivyo mahubiri ya "msiwe na hofu" hayatoshi. Mimi mwenyewe nikiambiwa nisiogope bila kupewa sababu, naanza kuogopa.

Kinachotuliza watu ni kujua kuna nini dukani na lori linafika lini. Ndiyo maana nina maombi matatu.

La kwanza ni kwenu wenye maduka. Bidhaa ikipungua, andikeni ubaoni kilichobaki na siku mnayotarajia mzigo. Wekeni kiwango kwa kila mteja mapema, rafu ikiwa bado na kitu, kwa sababu kiwango kikiwekwa rafu ikiwa tupu kinakuwa tangazo la msiba. Na mkipandisha bei ya mzigo wa zamani kwa sababu ya uvumi, jueni wateja wenu watakumbuka.

La pili ni kwetu sote wakazi. Ujumbe ukiingia kwenye kikundi cha WhatsApp, jiulize maswali mawili kabla ya kuusambaza: ameona nani, na wapi? "Nimeambiwa" si jibu. Pigia duka simu, uliza kwa chifu au ofisi ya wadi. Kuhusu mafuta, kumbuka kwamba EPRA hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi. Asiwepo wa kukuuzia tangazo hilo kabla ya siku yake. Na tafadhali, petroli haihifadhiwi chumbani wanamolala watoto. Kununua akiba ya wiki si kosa; kila nyumba yenye busara huweka. Lakini ukichukua ya miezi mitatu leo, umechukua na ya jirani yako.

La tatu ni kwetu sisi wa serikali, na nalisema mbele ya wakubwa wangu. Tukinyamaza siku mbili tukisubiri barua ipate sahihi, mtu mwingine atazungumza kwa niaba yetu, na hatakuwa na takwimu. Mkaguzi wa Marekani alitoa ukweli baada ya mwaka mzima. Sisi tujitahidi kuutoa siku hiyo hiyo, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba bidhaa imepungua kweli. Mwananchi anaweza kupanga na habari mbaya. Hawezi kupanga na kimya.

Mama yangu bado anakwenda kliniki, na kijana yule wa boda boda bado ndiye anayempeleka. Siku hizi nikipata ujumbe kwamba kitu kimekwisha, kabla ya kuandika neno lolote namtafuta yeye kwanza. Yeye huwa tayari amepita kwenye vituo.