Tupa ao mashine: nani achonge vichwa vya moteri zetu?

(Mazungumzo tuliyotoa kwenye mukutano wa wanachama, Uvira. Komite imeomba yaandikwe hapa juu ya wale ambao hawakufika.)

Siye tunaotembea kila wiki kati ya Kavimvira, Makobola, Swima na Mboko, leo hatukuleta karatasi ya mradi. Tumekuja juu ya swali ambalo limegawa mukutano wenu mara mbili: feza ya sanduku inunue mashine ya kuchonga vichwa vya moteri, ao ibaki kusaidia mafundi wetu wanaotumia tupa?

Kwanza tuelewane majina. Waliorudi kutoka kambi za Kigoma wanasema silinda hedi. Waliobaki huku, na waliopitia Bujumbura, wanasema kulasi. Ni kitu kimoja: kile chuma kinachofunika silinda kwa juu. Kwenye pikipiki zetu, TVS na Boxer, ndani yake muko supapi na mapito mawili, moja la kuingiza hewa na esanse, lingine la kutoa moshi. Kwenye moteri za boti zinazochanganya oili na esanse, kulasi ni kifuniko tu. Mapito yamekatwa kwenye ukuta wa silinda yenyewe.

Kuchonga mapito ni nini? Moteri inavuta hewa kama mutu anayepanda mulima. Njia ikiwa na kona mbaya, hewa inakwama. Fundi anaondoa makovu ya kiwandani, analainisha kona, anapanua kidogo. Kazi hii imekomaa kwa watu wa mashindano ya magari na pikipiki, Ulaya na Marekani. Zamani ilikuwa ya mukono tu: kijiwe kinachozunguka, jicho na kidole. Leo kuna mashine zinazoongozwa na kompyuta, nazo zinachonga mapito yote ya kulasi moja kisha nyingine.

Vijana wetu wameona mashine hizo kwenye simu, na wamezipenda. Hatuwalaumu. Lakini musikilize namna inavyofanyika huko. Mashine haijui umbo lililo zuri. Fundi njo anaanza, mara nyingi kwa mukono: anachonga pito moja, analipima kwenye chombo kinachopitisha hewa na kuonyesha ni kiasi gani imepita, anarudi, anachonga tena. Akifika anapotaka, umbo lile linasomwa na kuingizwa kwenye kompyuta. Hapo njo mashine inalirudilia kwenye mapito mengine, yote sawasawa.

Kwa hiyo mukono unatafuta, mashine inarudilia. Na kila moja iko na ubaya wake. Mukono unachoka: silinda ya kwanza imechongwa asubuhi, ya inne jioni, hazifanani tena. Mashine nayo haina huruma: kama kiwandani chuma kilikaa upande na ukuta mumoja ukatoka mwembamba, itakata tu vile imeambiwa, hata kutoboa njia ya maji. Ubaya wote wawili dawa yake ni moja: kupima.

Sasa tuseme kosa letu, juu kila mutu hapa analijua na hakuna aliyelisema mbele yetu. Mwaka jana, katika mafunzo ya vijana, tulikubali moteri ya boti ya kikundi kimoja ipanuliwe mapito ili ikimbie. Tupa ilikuwa nzuri, kijana alikuwa na bidii. Hakuna aliyepima, na siye tulisaini. Pito la moshi lilipanuliwa kwa upana kupita kiasi, na ukingo wake ukaachwa mukali. Munajua ringi ya pistoni inapita mbele ya tundu lile mara maelfu kwa dakika. Tundu likiwa pana sana, ringi inachungulia nje na kukamatwa na ukingo. Ilikatika kati ya Makobola na Swima. Watu saba walisukumwa na upepo mpaka jioni, na mama mumoja alikuwa na mtoto mgongoni. Walifika. Lakini tangu siku ile wengi wanasema: "Munaona, kazi ya mukono ni ya hatari, tununue mashine." Tunawaomba musiseme hivyo. Mukono haukukosa. Siye tulikosa, tuliokubali kukata bila kipimo. Mashine isiyopimiwa ingefanya kosa lile lile, tena kwa moteri kumi.

Swali la pili ni hili: tunachonga ili tupate nini? Pito kubwa si lazima liwe zuri. Likizidi, hewa inapita polepole wakati moteri inazunguka pole, na nguvu ya chini inapotea. Mutu wa mashindano hana shida, yeye anaishi kwenye mwendo wa juu. Lakini mumotari anayepanda na gunia mbili za muhogo, ao boti inayotoka Kalundu imejaa, anahitaji nguvu ile ile ya chini.

Tena wamotari wanaopanda Hauts Plateaux wanatuambia moteri inakufa huko juu. Ni kweli, na sababu yake ni hewa. Ziwa letu liko takriban mita 770 juu ya bahari. Hapa hewa imepungua uzito karibu asilimia 7. Ukifika mita 2,000, imepungua karibu asilimia 18. Esanse inabaki nyingi kuliko hewa, moteri inatoa moshi mweusi na kuchoka. Dawa ya kwanza iko kwenye kabireta: kubadilisha kile kijitundu cha esanse, mafundi wanakiita jikleri, kuweka kidogo zaidi, na kurudisha kile cha kwanza ukishuka. Tupa haileti hewa ambayo haiko.

Sasa tulipita kwenye garaji zetu kuuliza: kulasi zinaletwa juu ya nini? Karibu zote hazitafuti mwendo. Zimepinda juu ya joto. Mchanga ama plastiki imeziba njia ya maji ya boti, moteri imechemka, kulasi haikai tena sawa, inapumua pembeni. Kazi hii ya kunyoosha, mukono unaiweza kama kupinda ni kudogo: kioo kinene kilichonyooka, karatasi ya msasa juu yake, oili kidogo, na kulasi inazungushwa pole pole kwa mufano wa namba nane. Lakini usipopima unaweza kuondoa chuma kingi mno. Moteri inaanza kugonga, na kwenye pikipiki supapi inaweza kukutana na pistoni. Kama kupinda ni kukubwa, hapo mashine inahitajika kweli, na inafaa kulipia kazi hiyo mara moja moja.

Kununua mashine yetu wenyewe ni kumaliza kotizasio za miaka kwa chuma kinachongoja umeme. Munajua umeme wa hapa. Na ni kumuambia muzee aliyejifunza kazi yake kambini, akarudi na sanduku moja la vyombo, kwamba mikono yake haina faida tena. Mikono yake inakosa vipimo tu.

Mapendekezo yetu kwa kura yenu ni haya:

1. Sanduku linunue vyombo vya kupimia, vikae kwa ofisi, kila fundi mwanachama avikope kwa sahihi: rula ya chuma iliyonyooka kabisa, vile vipande vyembamba vya kupima nafasi, na ufunguo unaoonyesha nguvu ya kukaza boloti.

2. Kulasi isiguswe kabla ya kipimo kuandikwa kwenye daftari. Viwandani wanavumilia mara nyingi sehemu 5 mpaka 10 za mia ya milimita moja. Fundi afuate namba ya moteri yenyewe.

3. Hakuna kupanua mapito ya moteri ya boti inayobeba watu. Si kwa tupa, si kwa mashine.

4. Vijana wajifunze kwa wazee namna ya kushika tupa, na wazee wajifunze kwa vijana kusoma vipimo.

Kura ni yenu, feza ni yenu. Mukiamua kununua mashine, tutakuja kusaidia, lakini tutauliza kwanza: daftari la vipimo liko wapi?

Mungu awalinde kwenye maji na kwenye barabara.