Familia Moja Katika Nchi ya Barafu

(Maneno yaliyotolewa katika kikao cha familia zilizohama na familia zilizozipokea)



Tumeombwa tuzungumze juu ya mgeni na mwenyeji. Kwa kweli ni neno gumu. Kila mara tunapotoa mfano wa hapa kwetu, mtu anaanza kuuliza moyoni: hapa wanamsema nani? Ni sisi tuliohama, au ni wale waliotupokea? Halafu masikio yanafungwa. Ndiyo maana leo tumechagua habari ya mbali sana, ya watu ambao hakuna hata mmoja wetu aliye na ugomvi nao. Msikilize kwanza, kisha mtuambie mnaona nini.

Nchi yenyewe inaitwa Greenland. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani, kaskazini kabisa, na sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu mwaka mzima. Waliotoka Masisi au Lubero wanajua baridi ya milimani, lakini ile ni baridi nyingine. Pwani haina msitu, kwa hiyo kuni ni shida kuliko hapa. Mwezi wa kumi na mbili, upande ule ambao familia hii ilikaa, jua linaonekana kwa muda wa masaa manne hivi, kisha giza. Pamoja na hayo, watu wanaishi kule tangu zamani. Ni Wainuiti, wenyeji wa nchi.

Mwaka 1721 Hans Egede, mchungaji wa Norwei, alifunga safari kwenda kule. Wakati ule Norwei ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Alikuwa amesikia kwamba karne nyingi nyuma Wakristo wa asili ya Norwei walihamia Greenland na habari zao zikapotea. Akataka kuwatafuta. Mke wake, Gertrud Rask, alimzidi mume kwa miaka 13, naye alikataa kwanza. Wamama mlio hapa mnamwelewa bila kuelezwa: watoto wanne, nyumba nzuri, parokia inayowalisha, na mume anasema twende kwenye barafu. Baadaye akakubali, na tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa nguzo. Mume alipoanza kusitasita, mama ndiye aliyemtia moyo.

Walisafiri kutoka Bergen kwa meli iliyoitwa Håbet, maana yake Tumaini. Walikuwa na watoto wao Poul, mwenye miaka 12, Niels, mwenye miaka 10, na wasichana wawili wadogo, Kirstine na Petronella. Walifika tarehe 3 Julai 1721. Wale Wakristo wa zamani hawakuwakuta. Waliwakuta Wainuiti, watu wasiomjua wala kumhitaji mchungaji wa Norwei, nao wakawatazama kwa mashaka. Nani asingetazama hivyo? Kundi la watu linashuka kutoka melini, linaanza kujenga, na halisemi litaondoka lini.

Ni lazima tuseme wazi kwamba familia hii haikufukuzwa na mtu. Ilikwenda kwa kupenda, ikiwa na kampuni ya biashara na mfalme nyuma yake. Ninyi mliohama mlikimbia usiku na godoro kichwani. Hatulinganishi uchungu. Tunachotazama ni mambo ya kila siku: mtu aliye katika nchi isiyo yake anakula nini, anapata wapi moto, anaongea na nani.

Walijenga nyumba ya mawe na udongo wenye majani, na ndani wakaweka mbao walizoleta. Baridi ilipokuja waliishi kwa chakula cha meli, yaani vitu vikavu na nyama ya chumvi. Hapo ndipo ugonjwa ulipowapata wengi wa wenzao. Ni ugonjwa wa kukosa chakula kibichi: fizi zinavimba na kutoka damu, meno yanalegea, miguu inakosa nguvu, na hata kidonda cha zamani kilichopona kinafunguka tena. Leo tunajua kwamba ni mwili kukosa vitamini C. Wakati ule wengi walidhani ni hewa mbaya au uvivu.

Lakini jirani zao Wainuiti, katika baridi ileile na bila bustani hata moja, hawakuugua hivyo. Kwa nini? Kwa sababu walikula nyama ya sili, yule mnyama wa bahari mwenye mafuta mengi, na ngozi ya nyangumi ikiwa mbichi. Katika ngozi ile mbichi mna vitamini hiyo ya kutosha. Mgeni alitazama akasema: hawa wanakula vibichi kama wanyama. Naye fizi zake zinatoka damu.

Moto ulikuwa vilevile. Nyumba ya baridi ya Wainuiti ilijengwa kwa mawe na udongo, ikakaliwa na familia kadhaa pamoja, na mlango wake ulikuwa njia ndefu iliyo chini ili baridi isipande ndani. Taa yao ilichongwa katika jiwe laini, ikawaka kwa mafuta ya sili na utambi wa majani ya kuvumwani yaliyokaushwa. Taa hiyo ilikuwa mikononi mwa wamama. Ilitoa mwanga, ilipasha nyumba joto, ilipika, na ilikausha nguo zilizolowa. Taa moja, kazi nne, bila kuni hata kidogo. Hapa kwetu tunapigana juu ya makala na tunaingia shamba la mtu kukata miti, na ugomvi wa kwanza kati ya kambi na kijiji karibu kila mara ni kuni. Tunawaomba wamama wa pande zote mbili wafikiri juu ya taa ile.

Turudi kwa familia yetu. Mchungaji alikuwa amesoma Copenhagen, lakini lugha ya Wainuiti ilimsumbua sana. Neno moja kule linaweza kuwa refu kama sentensi yetu nzima. Alikwenda kulala katika nyumba zao ajifunze, na harufu ya mafuta ilimtesa. Waliofungua mlango ni watoto. Poul na Niels walicheza na watoto wa Wainuiti, na kwa kucheza wakaishika lugha kuliko baba yao. Poul alijua pia kuchora, na baba alipokosa maneno ya kueleza habari za Biblia, alionyesha picha za mwanawe. Hata hapa, mara ngapi tumeona mtoto aliyehama anacheka na wenzake bombani kwa lugha ya kijiji, na mama yake bado hajui kuomba chumvi? Wazazi wengine wanakataza michezo hiyo kwa hofu. Sisi tunaona kwamba wanajifungia mlango wenyewe.

Mwaka wa 1722 meli ya kuleta chakula ilichelewa. Watu wakanung'unika, wakaanza kujitayarisha kuondoka. Gertrud alikataa kufunga mizigo, akawaambia wanajisumbua bure, meli itakuja. Ikafika mwezi wa sita. Habari hii inapendwa sana na wahubiri, na ni haki yao. Sisi tunaongeza neno moja: angesema vilevile na meli isifike, leo tungemwita mama mkaidi.

Sasa msikilize habari ya mwaka 1728, kwa maana ni kinyume cha hiyo. Mfalme alimtuma gavana na askari, pamoja na wafungwa waliotolewa gerezani na kuozeshwa wake ili wakae kule. Walileta pia farasi, wakikusudia kuwapanda kuvuka barafu ya katikati ya nchi. Farasi, katika barafu! Hakuna Mwinuiti aliyeulizwa. Farasi walikufa. Watu nao walikufa wengi katika baridi ile ya kwanza, hasa kwa ule ugonjwa wa fizi. Walikuwa na bunduki na barua za mfalme, lakini hawakujua kukaa katika nchi ile, wala hawakutaka kujifunza kwa waliojua.

Mwaka 1731 mfalme mpya aliamuru watu warudi. Karibu wote waliondoka. Egede na nyumba yake walibaki na watu wachache.

Tunafika penye uzito. Mwaka 1733 meli ilimrudisha kijana wa Greenland aliyekuwa amepelekwa Denmark, na ndani ya mwili wake mlikuwa ndui. Wazungu wengi walikuwa wameshaipata utotoni, lakini Wainuiti hawakuwahi kuiona, na miili yao haikuwa na kinga. Watu walikimbia kutoka nyumba hadi nyumba, na aliyekimbia aliubeba ugonjwa akawapelekea ndugu zake. Makao mazima ya watu yalibaki bila mtu. Ugonjwa uliendelea hadi mwaka 1734.

Nyumba ya Egede ilijaa wagonjwa. Gertrud aliwapokea, akawalaza ndani, akawalisha na kuwaosha, na yatima pia wakapata nafasi. Watu waliomtazama kwa mashaka miaka mingi waliona kazi ya mikono yake. Kazi ile ilimchosha kabisa. Alikufa mwezi wa kumi na mbili 1735, katika siku zilizo fupi kuliko zote. Mwaka uliofuata mume aliondoka na mwili wake, akamzika Copenhagen.

Tuseme kweli yote. Ugonjwa ule uliletwa na meli za wageni. Kijana yule hakukusudia, na hakuna aliyejua, lakini ndivyo ulivyokuja. Mama yule hakukaa kubishana ni nani aliyeleta. Alifungua mlango. Mwaka 2024, wakati OMS ilipotangaza mpox kuwa dharura ya dunia mwezi wa nane, kambi za karibu na Goma zilikuwa zimejaa watu, na sisi tulisikia maneno katika mitaa: wahami ndio wanaoleta vidonda, msiwape maji, msipeane nao mikono. Kujitenga na mgonjwa ili ugonjwa usienee ni akili. Kumfukuza mtu kisimani kwa sababu ya alikotoka ni jambo lingine kabisa, nalo linamfanya mgonjwa ajifiche, na akijificha wote wanaugua. Viongozi, neno hili liko mikononi mwenu kuliko mikononi mwetu.

Wala tusimfanye Egede malaika. Waganga wa Wainuiti, wanaoitwa angakkut, aliwadharau, na nyakati nyingine aliwapiga. Aliwaona wenyeji kama watoto wa kufundishwa, hata ingawa wenyeji ndio waliojua jinsi ya kuishi. Hata na Wakristo wenzake aligombana. Wamoraviani walifika 1733, meli ileile ya ndui, wakabishana naye juu ya mafundisho huku watu wakifa. (Ni kanisa lile lile ambalo mwaka 1891 lilianza kazi upande wa Rungwe, Tanzania.) Mgeni mwema kwa mgonjwa anaweza kuwa mgeni mgumu kwa mzee wa kijiji, tena ni mtu mmoja.

Lakini Poul, yule mtoto wa kucheza, aliendelea na lugha. Mwaka 1750 alichapa kamusi ya lugha ya Wainuiti, na mwaka 1766 Agano Jipya zima lilitoka katika lugha hiyo. Leo Kigreenland ndicho lugha rasmi ya nchi ile, tangu sheria ya mwaka 2009. Waliohifadhi lugha ni wenyeji wenyewe kwa kuisema, lakini maandishi ya kwanza yalipita mikononi mwa mtoto aliyejifunza kwa michezo.

Na ugomvi juu ya baba yake haujakwisha. Sanamu ya Hans Egede imesimama juu ya kilima katika Nuuk, mji mkuu. Mwaka 2020 watu waliimwagia rangi nyekundu, wakisema ni sanamu ya utawala wa kigeni. Wengine walisema ni sehemu ya historia yao. Halmashauri ya mji iliwauliza wakaaji: 921 walitaka ibaki, 600 walitaka iondolewe. Ikabaki. Karibu miaka 300 imepita, na bado wanajadiliana mgeni yule alileta nini na aliondoa nini. Lakini wamejadiliana kwa kura.

Sasa tunaomba mgawanyike, si kwa kambi na kijiji, bali kila kundi liwe na watu wa pande zote mbili. Familia zilizopokea zitaje jambo moja ambalo wahami hawakulijua walipofika, likawaletea hasara: shamba, maji, njia, dawa ya majani, lolote. Familia zilizohama zitaje jambo moja zinalolijua vizuri ambalo hapa hakuna aliyewauliza. Makundi ya wamama yaanze na habari ya kuni. Karani wa kila kundi aandike, tutasoma yote kabla ya chakula.